Kibuyu cha Mama Kitandani kwa Babu

Habari zilitufikia Susuni kwenye arusi ya jirani, wanawake tukiwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa amekuja kutoka Mugumu na kitenge kipya na maneno mengi. Alisubiri beseni lijae, ndipo akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye turubai la wageni:

"Wewe mke wa kaka yangu, umekaa hapa unamenya ndizi kwa utulivu kama mtawa, na huku kibuyu chako kiko kitandani kwa baba yangu."

Mama hakuinua kichwa. "Kibuyu gani?"

"Cha maziwa. Kile chenye mshono. Mjukuu wangu alikwenda makumbusho na shule yao, akaniletea picha kwenye simu. Kimelazwa kitandani kwa mzee, kimeegemea mto. Nikasema, ehee! Kumbe mambo yalikuwa hivyo na sisi hatukuambiwa."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja alitupa kisu akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, siwezi kudanganya, maana shangazi anajua kusema. Mama naye alicheka, ila kwa mdomo tu, na ndizi aliyoishika aliendelea kuimenya mpaka ikabaki nyembamba kama kidole cha mtoto.

Kwa mtu asiye wa kwetu inafaa nieleze kidogo. Sisi Wakurya, mkwe na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe wake, hampi kitu mkono kwa mkono, na chumba anacholala mzee huyo hakijui ndani. Akifagia nyumba anafika mlangoni pa chumba hicho, anageuza ufagio anarudi. Mzee akifa, heshima haifi naye. Sasa ukisema kibuyu cha mwanamke kiko kitandani kwa baba mkwe, huo si utani mdogo. Ni kama umesema na mwenye kibuyu alikuwapo.

Tukirudi nyumbani mama alitangulia. Tulipofika kwenye shamba letu la mihogo alisimama.

"Jumanne tunakwenda Manchira."

"Kufanya nini, mama?"

"Kukitoa."

Nami moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha. Mama alikuwa na aibu ya kuifuta, mimi nilikuwa na ndoto ya kuiona.

Makumbusho hayo ni nyumba ya babu, baba yake baba, iliyoko Manchira. Mimi sikumkuta, alifariki kabla sijazaliwa, lakini namjua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani kwetu, kwa jinsi nilivyosimuliwa. Alitoka hapa hapa Susuni akiwa kijana, akavuka Mto Mara na ng'ombe wake, mke wake na plau moja, akapanda kilima cha kule Manchira wakati kilikuwa pori tupu. Wenzake walimwambia, mura, yaani kijana, utaliwa na simba. Akawajibu kwamba simba naye anahitaji jirani. Alichoma matofali mwenyewe, akajenga nyumba ya kwanza ya bati upande ule, akalima kwa maksai mahali ambapo hakuna aliyewahi kulima. Wote wenye nyumba kwenye kilima kile leo walikuja nyuma yake.

Wakati ule chini ya kilima palikuwa na kijito tu. Bwawa lilijengwa mzee akiwa ameshazikwa siku nyingi, na maji yakajaa bonde, yakapanda polepole mpaka karibu na ua wake. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kilimani sasa iko ukingoni mwa maji. Ukoo na kijiji wakakubaliana isibomolewe, wakaifanya makumbusho.

Mama aliolewa pale. Kibuyu kile kilikuwa chake, cha maziwa ya nyumba. Baba aliporudi Susuni kuangalia shamba la ukoo, mama alikiacha, kwa sababu mama mkwe wake alimwambia chombo cha maziwa cha boma hili kinabaki kwenye boma hili. Akakitundika mwenyewe jikoni, akaondoka.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaniambia nipumzike. Nasuka nywele pale senta. Lakini kichwani nina kazi nyingine kabisa: nataka kuwa mtu anayetembeza wageni, anayesimama mbele ya kitu cha zamani na kukisemea mpaka watu wakione kinatembea. Nimeshajaribu. Siku moja nilimpitisha mteja kwenye zizi letu nikamweleza historia ya ng'ombe mmoja mmoja. Akaniambia, "Dada, maliza kwanza kichwa changu."

Jumanne tukapanda basi Tarime, tukavuka Mto Mara, tukashuka Mugumu jua likiwa limeshapanda. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cha rangi ya chungwa. Kwenye bodaboda alikaa upande, mgongo wima, mkoba mapajani, kama mtu anayekwenda kusaini hati. Dereva wake alimwuliza kama anaogopa. Mama akamjibu, "Endesha, baba. Anayeogopa ni mwenye makosa."

Nikaiona nyumba tukiwa bado mbali. Kwanza maji, mapana na meupe kwa jua, na yangeyange wamesimama ukingoni kama watu wanaosubiri kuitwa. Halafu juu yake bati jekundu la kutu na ukuta wa matofali, baraza pana inayotazama bwawa. Nilitaka kusimamisha pikipiki nitazame. Nilijiambia, hii ni yetu. Babu yangu alipaona hapa kabla maji hayajapaona.

Barazani alikuwa amekaa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya makumbusho. Nilimpa shikamoo. Yeye na mama ni shemeji, na mashemeji kwetu hawana adabu kati yao.

"Shemeji! Bado hujazeeka? Wanaume wa Susuni wanakulisha nini?"

"Wananilisha habari zenu," mama akasema.

Alicheka bila kuelewa. Tukaletewa chai, tukaulizana ng'ombe, mvua, mahindi, nani amezaa na nani amezikwa. Mama hakugusia jambo lake hata kidogo. Mtu mwenye haki hakimbilii kusema, alinifundisha hivyo zamani, anakunywa chai kwanza.

Mwenye kutembeza wageni alikuwa kijana wa Mugumu, baba yake fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka pwani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alitukaribisha kwa maneno matamu kuliko chai, nami nikawa namsikiliza kama mwanafunzi, nikihifadhi: hapa anasimama hivi, hapa ananyoosha mkono, hapa ananyamaza ili mgeni atazame.

Sebuleni kulikuwa na vitu vya babu. Plau lenyewe lililovuka mto. Taa ya chemli, redio kubwa ya mbao, baiskeli isiyo na mnyororo, kigoda kilichong'aa kwa kukaliwa. Mama alikuwa anatazama kila kitu na kutikisa kichwa kama anasalimiana nacho. Hapo alikuwa sawa. Sebuleni aliwahi kufagia maelfu ya siku, mzee akiwa malishoni.

Kisha tukafika kwenye mlango wa chumba cha kulala. Haukuwa na pazia wala ubao, umefungwa kamba moja tu. Kijana akaifungua kamba akanyoosha mkono.

"Mama, karibu. Hapa ndipo penyewe. Wageni wote wanapapenda hapa."

Mama alisimama hatua tatu kabla ya kizingiti. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Hapo siingii."

"Usiogope, mama. Mzee alishafariki zamani."

"Amefariki kwako wewe. Kwangu bado ni baba mkwe."

Kijana akatabasamu akadhani ni uchovu wa safari. Ili mama asikose uhondo, akaamua kuingia na kumsomea kwa sauti karatasi ya maelezo iliyobandikwa humo ndani. Alisoma vizuri, kwa mahadhi: kitanda cha mti alichokichonga mwenyewe, ngozi ya ng'ombe aliyoilalia, fimbo yake ya kutembelea. Akamalizia: "Na hapa kitandani, kibuyu ambacho mke wa mwanawe alitumia kumletea mzee maziwa kila jioni."

Nilisikia kikombe cha baba mdogo kikigonga sahani kule barazani.

Alikuja mbio, mzee wa watu, viatu vikiburuzika. Naye akasimama hatua tatu kabla ya kizingiti, pembeni ya mama, na kuangalia ukuta ule ule. Wote wawili walikuwa wameukazia macho ukuta kana kwamba ndio makumbusho.

"Wewe mura," akaita, "hicho kibuyu kimekaa humo tangu lini?"

"Tangu tulipofungua, mwenyekiti."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani umeona! Ulipita siku ya ufunguzi."

"Nimepita. Nimeingia humo lini? Mwana wa kiume mzima anaingia chumba cha baba yake kufanya nini?"

"Basi wale wazee wengine wa kamati..."

"Wale ni wanawe, na wakwe zake, na mwingine ni mtoto wa ndugu yake! Nani kati yao ataingia?"

Hapo nikaelewa ilivyotokea, nikashika mdomo nisicheke mahali pabaya. Kila mtu aliyejua kuwa kibuyu hakipaswi kuwa chumbani hakuingia chumbani, kwa sababu ile ile inayofanya kibuyu kisipaswe kuwa chumbani. Heshima ndiyo iliyoficha kosa. Wakaingia watoto wa shule, wazungu, walimu kutoka mbali, mjukuu wa shangazi na simu yake, na wote hao wakaondoka na hadithi moja kuhusu mama yangu.

Kijana alitoka chumbani akiwa amebadilika rangi. Baba mdogo akamweleza kwa maneno machache.

"Mimi niliona ni upendo," akasema taratibu. "Chumba kilikuwa kitupu. Nikaambiwa kibuyu hiki ndicho kilichobeba maziwa ya mzee, mkwe wake ndiye aliyekuwa akiyatengeneza. Nikasema huyu mwanamke alimtunza baba mkwe wake, wageni wamjue. Nikakiweka mahali pa heshima. Kwetu sisi, mama, mkwe anamwandalia mzee mpaka mezani, anamnawisha mikono."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Ulitaka kunisifu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umenisifu mpaka Susuni, wananicheka arusini." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kwa miaka yote niliyokaa hapa sijampa mzee yule kitu mkono kwa mkono. Sijui hata macho yake yalikuwa ya rangi gani. Nisikilize: nimekuja kibuyu kitoke humo leo, na maneno yako yatoke. Sitalala Susuni na jina hilo."

Kijana akageuka aingie akichukue. Mama akamzuia.

"Wewe usikiguse tena. Umekigusa vya kutosha. Kiliingia kwa mkono wa mgeni, kitoke kwa mkono wa nyumbani."

Basi ikawa kazi. Mama hawezi. Baba mdogo hawezi. Taratibu wote wakageuka, wakanitazama mimi.

Maana mjukuu ni kitu kingine. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani, na hakuna mlango wa babu unaomfungia. Wenzangu wenye babu walio hai wanawapora tumbaku, wanakalia vitanda vyao, wanawaambia "mume wangu umezeeka, nitakuacha". Mimi sikupata kumtania wangu hata siku moja. Na hapa nilikuwa nimepewa chumba chake kizima.

"Nenda kwa mumeo," baba mdogo akasema. "Lakini bisha hodi."

Nikabisha hodi kwenye mwimo wa mlango. Nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nimekijenga kichwani. Dirisha moja, na ndani ya dirisha maji ya bwawa yamejaa mpaka juu, yanameremeta ukutani. Kitanda kilikuwa kifupi. Babu alikuwa mfupi! Hakuna aliyewahi kuniambia. Katika hadithi zote za simba na plau alikuwa mrefu kama mnazi, kumbe mtu wa kimo changu ndiye aliyevuka mto. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile. Nilisimama pale nikiwaza, kama kimo kilimtosha yeye, na mimi kitanitosha.

"Mume wangu," nikasema kwa sauti ya chini, ili wa nje wasisikie, "nimechelewa kuja, usinune. Nimefuata chombo cha mama. Watu wamekusingizia."

Kibuyu kilikuwa pale pale, kimeegemea mto. Mshono wake niliujua kabla ya kuugusa, kwa sababu mama ameshaniambia mara nyingi: wiki ya kwanza ya ndoa alikiangusha, kikapasuka, akalia akidhani atarudishwa kwao. Mama mkwe wake aliketi naye chini wakakishona pamoja kwa uzi wa mkonge, mshono mmoja wa mama mkwe, mmoja wa mkwe. Nilikikumbatia kifuani nikatoka nacho, na nilipovuka kizingiti mama aligeuka kutoka ukutani.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakizungusha. Akapitisha kidole kwenye mshono, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akanusa mdomo wa kibuyu, akakunja uso.

"Hiki kimepakwa nini?"

"Mafuta ya nazi, mama," kijana akasema. "Ili king'ae."

"Mafuta ya nazi! Chombo cha maziwa!" Alimwekea kibuyu puani baba mdogo. "Nusa, shemeji. Hiki ni kibuyu au kichwa cha bibi harusi?"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa, na kijana naye akaanza kucheka, kwa uoga kwanza, halafu kweli kweli. Hapo hewa ikawa nyepesi. Lakini mama alikuwa hajamaliza, na kijana pia alikuwa na lake.

"Mwenyekiti, kuna jambo moja. Picha ya kitanda na kibuyu iko kwenye vipeperushi."

Alikwenda kwenye kabati akaleta boksi. Karatasi nzuri, za rangi, zinateleza mkononi. Kwenye ukurasa wa mbele, kitanda cha babu, na juu yake kibuyu cha mama kinang'aa kwa mafuta. Vingi vilikuwa vimeshagawiwa. Boksi lilibaki nusu.

Baba mdogo alikishika kimoja akakitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyesafiri mpaka Musoma kuvichapisha, na nilimwona jinsi kidole gumba kilivyokuwa kinapapasa ile karatasi.

"Tunaweza kuchora juu yake kwa kalamu," akasema. "Tufunike hapo."

"Ukifunika, watauliza kumefunikwa nini," mama akajibu.

"Shemeji, mgeni wa halmashauri anakuja mwezi ujao. Nitampa nini?"

"Mpe chai. Mpe huyu binti amtembeze." Akanitaja mimi hivyo hivyo, kama mtu anayetaja kitu kilichopo nyumbani siku zote. "Shemeji, mimi nilikaa hapa nikimheshimu baba yako kuliko nilivyomheshimu baba yangu aliyenizaa. Kama karatasi ni kubwa kuliko hilo, niambie, nitapanda basi."

Baba mdogo aliirudisha ile karatasi kwenye boksi. Akalibeba boksi mwenyewe kichwani, mwenyekiti mzima, akaelekea jikoni.

Jiko la zamani liko nyuma, kibanda cha udongo cha duara, paa la nyasi. Mama aliingia kwa kuinama bila kuambiwa mlango ni mfupi. Ndani kulikuwa na mafiga, mawe ya kusagia, vibuyu vingine vimepangwa chini kama wagonjwa hospitalini. Alinyoosha mkono juu gizani, bila kutazama, akagusa mti uliotokeza kwenye ukuta. "Kipo," akasema. Kilikuwa kile kijiti alichokuwa akitundikia kibuyu chake.

Nikawasha moto kwa vipeperushi. Vinawaka vizuri, na moshi wake una rangi. Baba mdogo alikuwa anavitia kimoja kimoja, akisoma kwanza, na mama akamwambia atie kwa mafungu, uji haupikwi kwa kuaga kila kijiti. Moto ulipokolea tukaongeza kuni, na mama akamwita kijana akae karibu.

"Njoo uone, usije ukaweka nazi tena."

Alikisugua kibuyu kwanza kwa majivu na maji ya moto, mara tatu, mpaka harufu ya pwani ikatoka. Akachukua kijiti kinachowaka, akakiingiza kwenye mdomo wa kibuyu, akakizungusha taratibu, kikalia ndani chriii, moshi ukatoka kwa pumzi fupi. Akaziba kwa kiganja. Akatikisa. Akakung'uta makaa, akachukua kijiti kingine. Kijana aliuliza ni mara ngapi. Mama akasema unanusa, hakuna kuhesabu. Akampa kibuyu anuse, akampa kijiti ajaribu mwenyewe, akamrudisha mkono alipokosea, akimwita mwanangu bila mwenyewe kutambua.

Mimi nilipewa kazi ya maandishi. Karatasi ya zamani tuliitia motoni pamoja na zingine. Kwenye mpya niliandika kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, kisha nikamsomea mama: "Kibuyu cha maziwa cha mke wa mwana. Kilishonwa na yeye na mama mkwe wake. Kilikaa jikoni hapa."

"Ongeza," mama akasema. "Andika, na hakikuingia nyumbani kwa mzee."

"Kiliingia, mama. Kilikuwa kitandani mpaka leo asubuhi."

Akafikiri. "Basi andika hakikuingia nikiwapo mimi."

Baba mdogo akasema hayo yatazaa maswali kuliko majibu. Wakabishana, shemeji na shemeji, mpaka tukakubaliana niandike tu: "Mkwe hakumpelekea mzee maziwa mwenyewe. Alimtuma mtoto." Kijana aliisoma kwa sauti yake ile ya mahadhi, na kusema kweli ikawa nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Tukaibandika chini ya kijiti cha kutundikia.

Saa saba wakaja watoto wa shule ya msingi ya jirani, darasa zima na mwalimu wao, wakiwa wametembea kwa miguu kandokando ya maji, soksi zimelowa. Mama alitaka tuondoke. Kijana akamwomba akae kidogo. Aliwaanzishia ziara jikoni badala ya sebuleni, akasimama chini ya kile kibuyu.

Mtoto mmoja wa kike mwenye mwanya akainua mkono. "Kaka yangu alisema kibuyu kiko kitandani kwa mzee."

Watoto wakaanza kuchekacheka, wale wa Kikurya hasa, wanasukumana viwiko. Wanajua. Watoto wanajua kila kitu. Nikamwona mama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kilikuwa kitandani," kijana akasema wazi wazi. "Nilikiweka mimi, kwa kutojua. Nilikosa, na nyote mkirudi nyumbani mkawaambie hivyo: yule wa makumbusho alikosa. Mwenye kibuyu ni mama huyu hapa, na yeye hajawahi kukanyaga chumba kile. Leo pia amekataa."

Vichwa vyote vikageukia kilemba cha rangi ya chungwa. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alipiga goti kidogo akampa mama shikamoo, na darasa zima likafuata kwa kelele, shikamooo, mpaka yangeyange wakaruka.

"Marahaba," mama akasema. Halafu, kwa kuwa yeye ni yeye, hakuishia hapo. "Mnataka kuona yalikuwa yanapelekwaje?"

Walitaka. Akakitungua kibuyu, akanipa mimi niwe mtoto. Akanielekeza mbele ya watu wote: usikimbie, usikitikise, usiangalie ndani, kiweke barazani pembeni ya mlango, kisha rudi bila kugeuka nyuma. Nikatembea. Ule uwanja kati ya jiko na nyumba si mrefu, lakini nilikuwa na macho arobaini mgongoni na bwawa zima upande wa kushoto, na nilijiona nabeba kitu kilichojaa, ingawa ndani hakukuwa na kitu ila moshi. Nikakiweka pembeni ya mlango. Nikarudi.

"Sasa?" akauliza yule wa mwanya.

"Sasa tunasubiri," mama akasema. "Akiyapokea anakohoa. Ndiyo asante yake, mimi niko huku jikoni nasikia."

Tukasubiri. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani kwenye benchi, kofia mkononi. Alitazama kibuyu, akatazama huku tuliko, akaelewa. Akavaa kofia, akajiweka sawa, akakohoa mara moja, kwa kifua, sauti ya mwanaume wa nyumba ile.

Mama alishusha macho akageuka pembeni upesi, kama msichana aliyeolewa jana. Kisha akaingia jikoni kuangalia moto.